Siku Mama Mkwe Aliponyamaza

Ukiteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, maji utayasikia kabla hujayaona. Siku hizi watu wanapandisha vioo, wanafungulia muziki, wanashuka na lami mpaka penye nafasi ya kuegesha, wanapiga picha na maporomoko, wanaondoka. Mimi nilijulishwa maporomoko yale kwa masikio. La kwanza lilikuwa linatwanga, du, du, du, kama wanawake wawili wamefungiwa ndani ya mwamba wanapokezana mchi. La pili lilikuwa linaongea moja kwa moja bila kumeza mate. La tatu lilikuwa linakohoa, linatulia kidogo, linakohoa tena, kwa sababu maji yake yalijaa kwanza kwenye bakuli la jiwe ndipo yakamwagika. La nne, ambalo liko karibu na ziwa, lilikuwa linanong'ona tu, maana kufika huko mlima umeshachoka. Na kila mahali pale palikuwa na harufu mbili zilizoshikana, harufu ya majani mabichi yaliyoloa na harufu ya breki za lori zilizoungua. Mpaka leo nikisikia breki zimeungua, kwanza naona kiu, halafu ndipo nakumbuka kuogopa.

Nayaandika haya nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Binti yangu Editha ana miaka minane. Mwezi uliopita alirudi na ripoti ya shule. Hesabu vizuri, Kiswahili vizuri, na chini kabisa mwalimu ameandika: "Anaongea sana. Mzazi amkanye." Nikamuuliza aliongea nini. Akanieleza kwamba aliwaambia wenzake wasinywe maji ya tanki la shule kwa sababu mna panya aliyekufa. Nikamuuliza kama panya alikuwemo kweli. Akasema, "Mama, alikuwa amevimba." Chini ya maneno ya mwalimu kuna mstari wa maoni ya mzazi, na karatasi inatakiwa irudi shule ikifunguliwa. Nilikaa na mstari ule siku nyingi, peni mkononi. Nilichokuwa nataka kuandika hakiandikiki kwenye karatasi ya shule. Ndipo nikakumbuka kipupwe kile nilipokuwa na miaka kumi, nikajua kwamba kabla ya kumjibu mwalimu lazima nieleze habari za lori la baba.

Baba ni Mnyasa wa Lundo, Mwanglikana, mtoto wa wavuvi. Mama ni Mmatengo wa milimani, Mkatoliki, mtoto wa kahawa. Baba alimwoa mama akahamia juu huko kwenye baridi, na shemeji zake hawakuacha kumtania hata siku moja. Walisema Mnyasa akipanda mlima anahema kama kambale aliyetolewa majini. Walisema ukimpa jembe anauliza nyavu ziko wapi. Baba alikuwa anacheka, anawajibu kwamba wao wakiona ziwa wanatafuta mahali pa kulipanda maharage. Kazi yake ilikuwa udereva. Alikuwa anaendesha lori la mtu, lori la zamani lenye kabini ya mbao, akishusha mahindi na maharage ziwani na kupandisha Mbinga usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani. Shule ilipofunga mwezi wa sita, utingo wake aliugua, na baba, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, akaniambia nipande. Mama alisema kazi ya lori si ya msichana. Baba akasema dumu la maji halijui nani kalibeba.

Wakati huo barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na lori lile lilikuwa halifiki chini bila kunywa maji mara nne. Ndiyo sababu tulikuwa tunasimama kwenye kila poromoko, wala hatukuwa watalii. Baba anaegesha, mimi naruka na kuweka mawe mbele ya tairi, kisha nachukua dumu na kuteremka kwenye mawe yenye ukoga kuteka maji ya rejeta. Maji yale yalikuwa baridi kiasi kwamba vidole vinasahau kama ni vyako. Breki zilikuwa hazimwagiwi maji. Zinasubiriwa. Baba alisema dereva mjinga anamwagia breki ya moto maji ya mlimani, inapasuka, halafu anawalaumu wachawi. Kwa hiyo tulikaa tukisubiri zipoe, tukila mihogo ya kuchoma, na wakati tunasubiri alikuwa ananifundisha. Ananiambia fumba macho. "Sasa mama," aliniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "niambie uko wapi." Nami nasikiliza, namwambia: tuko kwenye Kinu. Tuko kwa Mkohozi. Tuko kwa Mnong'onaji. Majina alikuwa ameyatoa yeye. Lile la pili, linaloongea bila kumeza mate, alilipa jina la Mama Mkwe, akaniapisha kwamba jina hilo halitafika kwa bibi.

Mafunzo yale hayakuwa mchezo. Kipupwe kwenye milima ya Umatengo kinakuja na ukungu mzito kama uji, unaotua asubuhi na kukaa mpaka karibu saa nne. Ukinyoosha mkono nje ya dirisha huoni vidole. Madereva wengine walikuwa wanangoja uondoke. Baba alikuwa na mizigo ya watu, hangoji. Anashusha vioo vyote viwili, anaweka gia ya kwanza, na anateremka akisikiliza. Kinu kikianza kutwanga upande wa kulia, ujue daraja la miti liko mbele. Mama Mkwe akianza kuongea mbele yako, kata kushoto kwa nguvu zote, kwa sababu hapo barabara inakunja ghafla na mbele yake kuna njia ya mashambani iliyonyooka, pana na nyekundu kama barabara yenyewe. Kwenye ukungu ile njia inaonekana ndiyo barabara. Ni sauti ya maji tu itakayokwambia si yenyewe. Na alikuwa na sheria moja, ambayo hata tajiri wa lori akipanda anaifuata: kwenye ukungu hakuna maneno ndani ya kabini. Ukitaka kukohoa, meza.

Nyumbani kwa babu na bibi, wazazi wa mama, kulikuwa juu ya kona ile ya Mama Mkwe, mwendo wa kupanda kidogo. Jumamosi moja baba alinishusha pale nikalale kwa bibi, anichukue Jumatatu alfajiri. Mjomba Odilo, kaka yake mama, alikuwa katikati ya mavuno ya kahawa. Kahawa ikishamenywa inataka maji mengi ya kuoshea, na mfereji wake wa kawaida ulikuwa umekauka. Akanichukua twende juu mtoni. Alikata migomba, akaipanga mtoni kama ukuta, akaniambia nibebe mawe ya kukandamizia, na tulipomaliza maji yote yakageuka, yakaingia kwenye mfereji mpya alioupitisha kwa jembe hadi kwake. Nilifurahi mno. Nilikimbia sambamba na yale maji, nikishangilia yanavyotafuta njia kama ng'ombe mgeni. Kisha nikageuka nikasikia kitu cha ajabu, yaani sikusikia kitu. Nikamwambia mjomba, poromoko limenyamaza. Akanivunjia kipande cha muwa, akaniambia ni siku mbili tatu tu, kahawa ikitakata anarudisha, na kwamba kijiji kimekataza kugeuza mto kwa hiyo mimi sikuona kitu. "Mtoto mzuri wa kike ana macho," alisema, "mdomo ni wa kulia ugali." Nikala muwa wangu.

Jumatatu alfajiri nilishuka barabarani peke yangu kumngojea baba, kama tulivyoagana, kidogo juu ya Kinu ambapo lori lingeweza kusimama. Ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Nikapanda. Baba alishusha vioo, akaweka gia ya kwanza, akainua kidole kimoja, maana yake sheria imeanza. Tukapita Kinu, kinatwanga kama kawaida. Daraja la miti likalia chini yetu. Na mimi nilijua. Mtoto wa miaka kumi si mjinga. Nilijua kwamba pale mbele baba atasubiri sauti ambayo mimi mwenyewe nimesaidia kuiziba kwa mawe. Nikasema, "Baba." Akainua kidole. Nikasema tena, taratibu zaidi, "Baba." Akatikisa kichwa bila kunitazama, sikio lake liko nje ya dirisha. Basi nikameza. Kwa upande mmoja kidole cha baba, kwa upande mwingine muwa wa mjomba, na katikati mimi, mtoto mzuri wa kike mwenye macho. Ilikuwa kama kuhesabu mpaka ishirini. Kisha matairi yakaacha mawe ya barabara yakakanyaga majani, baba akasema "Eh," neno moja tu, na pua ya lori ikainama.

Tungekufa. Chini ya njia ile ya mashamba mteremko ni mkali na mwisho wake ni korongo. Kilichotuokoa ni jembe la mwanamke. Wamatengo wanalima ngoro, mashimo ya mraba yaliyopangwa mlimani kama masega ya nyuki, majani yamefukiwa kwenye kingo zake, ili mvua isisombe udongo. Wanaume wanafyeka na kupanga majani, wanawake wanafukia na kupanda. Shamba lile lilikuwa la Bibi Kalista, mjane jirani wa bibi, na mashimo yake yalikuwa yamechimbwa kwa moyo. Tairi la mbele likazama shimo la kwanza, likatoka, likazama la pili, likatoka, la tatu likakatalia. Lori likalala ubavu taratibu, kama mtu mzima anayekaa kitako. Mahindi yakamwagika. Mimi niligonga paji la uso. Baba mguu wake wa kushoto ulibanwa chini ya usukani na nikasikia ulivyovunjika, mlio mdogo, kama kijiti cha kuwashia moto. Waliokuja kwanza ni Bibi Kalista na wanawake wengine watatu waliokuwa wanakwenda shamba. Hawakupiga kelele. Walichimba upande wa mlango kwa majembe yao mpaka baba akatoka, na Bibi Kalista alipomaliza kumfunga mguu kwa kanga alitazama mashimo yake yaliyosagika akasema, "Mnyasa, leo umelima."

Watu wazima wanapenda kumwambia mtoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeambiwa methali hiyo maisha yangu yote. Mwaka ule aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, na alivunjika kwa sababu la mdogo halikusikika. Hiyo nayo ningependa mtu aitungie methali.

Sasa likaja lile ambalo lilinichoma kuliko ajali. Baba, akiwa na mguu uliofungwa hogo, ile plasta nzito nyeupe ya hospitali, alisema ukweli wake: hakulisikia poromoko. Watu wakaenda kwenye kona kutazama. Poromoko lilikuwa linaongea kwa nguvu zote, maana mjomba alipanda usiku uleule wa Jumatatu akabomoa ukuta wake wa migomba. Basi ikawa kicheko. Tajiri wa lori akasema dereva alisinzia. Kilabuni wakasema alikuwa amelewa, yeye ambaye hata togwa anaikataa. Kila aliyekuja kumpa pole alitoka nje akiguna. Sikujali sana wageni. Nilichoshindwa kuvumilia ni baba. Siku ya sita hivi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema, "Najaribu kukumbuka, mama. Labda nilisinzia kweli." Mtu ambaye masikio yake yalikuwa yanajua mlima mzima alikuwa ameanza kuyaona masikio yake ni ya uongo. Na wa kumrudishia masikio yake nilikuwa mimi peke yangu.

Jumapili baada ya misa babu aliita sengu. Zamani wanaume wa ukoo wa Kimatengo walikuwa wanakula pamoja, kila nyumba inaleta chakula chake, na hapohapo kwenye chakula mambo ya ukoo yanaamuliwa. Siku hizi sengu ni nadra, ila kwa babu ilikuwa bado inaitwa kukiwa na jambo zito. Tajiri wa lori alikuja kama mgeni. Alitaka wakwe zake baba waseme mbele yake kwamba kijana wao alisinzia, ili ampe lori mtu mwingine bila lawama, na dereva aliyesemwa hivyo na wakwe zake hapewi tena usukani na mtu yeyote Mbinga nzima. Wanawake walikuwa upande wa jikoni. Msichana aliruhusiwa kufika pale kwa sababu moja tu, kunawisha mikono. Nikachukua jagi na beseni.

Babu alimwambia baba aseme. Baba akasema, "Sikulisikia poromoko, baba." Mjomba Odilo, ambaye mimi nilikuwa nimeshafika mbele yake na mikono yake iko juu ya beseni, akacheka. "Mnyasa anaendesha kwa masikio," alisema. "Kesho atavua samaki kwa pua." Watu wakacheka naye. Nilikuwa nainamisha jagi. Nikalinyanyua.

"Mjomba," nilisema, "maji ulirudisha lini?"

Akaniuliza maji gani, kwa ile sauti ya kutishia. Nikamwambia, "Ya Mama Mkwe. Yale tuliyoyaziba kwa migomba. Mawe nilibeba mimi." Mikono yake ilibaki hewani, mikavu. Akawaambia wazee kwamba mtoto bado ana homa ya ajali. Babu hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa. "Huyo Mama Mkwe ni nani?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeshavunja na kiapo cha baba. Ikabidi nieleze. Nikaeleza Kinu, nikaeleza Mkohozi, nikaeleza kwamba la pili linaitwa Mama Mkwe kwa sababu linaongea kutoka asubuhi mpaka usiku bila kumeza mate. Mzee mmoja alipaliwa na mate. Baba aliziba uso kwa viganja.

Na bibi, mama mkwe mwenyewe, akatoka jikoni na mwiko mkononi, jambo ambalo mwanamke halifanyi kwenye sengu. Hakuzungumza na mimi. Alimwambia mwanawe, kwa upole mbaya, "Odilo, migomba yangu sita imelala chini tangu Jumamosi ile. Uliniambia ni nguruwe. Nguruwe gani anakata kwa panga?" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe mkwe. Mimi ndiye ninayeongea bila kumeza mate?"

Baba akamjibu bila kuinua macho, kama inavyompasa mkwe. "Ni sifa, mama. Ukinyamaza mimi napotea."

Bibi akajifunika mdomo kwa kanga akarudi jikoni, na mabega yake yalikuwa yanacheka. Babu akamwambia tajiri kwamba amesikia mwenyewe, na kwamba kijana wao hakusinzia. Mambo hayakuisha kama hadithi. Mguu wa baba ulipona ukiwa mfupi na haukuweza tena kukanyaga klachi ya lori lile, kwa hiyo hakurudi kwenye usukani. Alirudi Lundo akawa anashona nyavu, na sisi tukamfuata. Lakini hakuondoka Mbinga na jina la mlevi. Mjomba alilima upya mashimo ya Bibi Kalista mbele ya macho ya watu, ngoro moja baada ya nyingine, na Bibi Kalista amemsimamia akimwonyesha palipopinda. Mama hakusema nami kwa wiki nzima, akidai nimemvua kaka yake nguo mbele ya wanaume. Mjomba naye aliniambia mdomo wangu utanikosesha mume. Hakukosea. Umeshanikosesha wa kwanza, na sijaona hasara. Baba peke yake ndiye aliyebadilika kwa namna niliyoitaka. Siku tunahama, tukiwa tumepanda gari la watu, ukungu ukatukuta kwenye Kinu, dereva akaanza kuvuta sigara na kupiga soga, nami nilikuwa kimya kwa mazoea. Baba akanigusa goti. "Mama, kuanzia leo kwenye ukungu ndiyo unaongea."

Sasa mimi ndiye dereva. Nina kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo, nashusha maharage Mbamba Bay, napandisha usipa na samaki wengine wa ziwani wanaoitwa vituwi, na wanaume wakiniona nabadilisha tairi wanasimama kunipa ushauri badala ya jeki. Barabara ni lami tangu juu mpaka chini. Kwenye kona ya Mama Mkwe wameweka vyuma vya kukinga na mistari myeupe, na ile njia ya mashamba imezibwa na tuta. Mambo hayo ni mazuri, nayasema wazi, kwa sababu kuna watu wanaolilia zamani ambao hawajawahi kusikia mguu wa baba yao ukivunjika. Hakuna anayehitaji tena kuyajua maporomoko kwa sauti. Kilichobaki vilevile ni kidole. Kidole cha "nyamaza" hakijawekewa lami. Kimehamia shuleni, kina peni nyekundu, na kinaniambia mimi mzazi nimkanye.

Wiki iliyopita nilimchukua Editha twende Lundo kwa babu yake kabla shule haijafunguliwa, na ripoti ilikuwa kwenye dashibodi, mstari wangu bado mtupu. Nilishusha vioo vyote. Nilimwonyesha Kinu, nikamsimulia niliyoyaandika hapa, tukasimama kwa Mama Mkwe tukanywa maji kwa viganja. Tulipoondoka nilikuwa nimepandwa na hasira upya. Nilikuwa namsema mwalimu, nakata kona, namsema mwalimu, nakata kona. Editha akasema, "Mama." Nikaendelea. Akasema tena, "Mama," nami nikainua kidole.

Nilikiona. Kidole cha baba kabisa, mpaka kucha. Na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafunga breki pembeni ya barabara, nikawasha taa za hatari, nikamwambia sema.

"Umemruka Mkohozi," alisema. "Tumempita pale nyuma. Hajakohoa."

Nilitaka kumwambia nimepita barabara hii kabla hajazaliwa. Nilitaka kumwambia ni kiangazi. Nikageuza gari. Pale kwa Mkohozi mwamba ulikuwa mkavu na lile bakuli la jiwe lilikuwa na maji ya kuloweka kitambaa tu. Chini ya kalvati wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye mawe na ndoo tupu. Waliniambia mto umepungua tangu asubuhi, wanangoja, labda utajaa jioni. Hawakuwa wameuliza mtu. Nikaweka mawe kwenye tairi kwa mazoea, nikavua viatu, tukapanda. Hatukwenda mbali. Kulikuwa na mifuko ya mchanga imepangwa vizuri sana, bomba jeusi, na juu yake wanaume watatu wanaosha kahawa, wanapiga mluzi. Mkubwa wao aliniuliza kama tumepotea, akasema watalii wanaishia barabarani. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumpa mtu yule. Niliyashika, nikamtazama binti yangu.

Editha alijifuta mikono kwenye gauni. "Shikamooni," alisema. "Maji mtarudisha saa ngapi?"

Mmoja akacheka, akasema mtoto ana mdomo huyu. Mkubwa wao hakucheka. Labda ni kwa sababu wale wanawake watano walikuwa wametufuata na walikuwa wanatokea nyuma yetu mmoja mmoja, kila mmoja na ndoo yake, na hakuna aliyekuwa na haraka. Akainama akavuta mfuko wa kwanza.

Tulirudi kwenye gari tukakaa tukisubiri, kama zamani tulivyokuwa tukisubiri breki zipoe. Bakuli la jiwe lilichukua muda kujaa. Mkohozi alipokohoa mara ya kwanza Editha alipiga makofi. Nikachukua ripoti kwenye dashibodi, nikaitandika juu ya usukani, na kwenye mstari wa maoni ya mzazi nikaandika kwa herufi kubwa, ili isomeke hata na asiyetaka kusoma: "Tanki limeshasafishwa?"